Mwajiri ana wajibu wa kulipa mshahara unaotosha kuishi, au deni lake linaisha akifikisha kima cha chini?

#1 BintiMikindani, 3 Mei 2025
Wana Kusini, salaam.

Mei Mosi kule Singida Rais ametangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kitoke 370,000 kifike 500,000 kuanzia Julai. Hongera kwa walimu na manesi wetu, wamestahili. Ila Mtwara hii wengi hatuko serikalini. Tuko viwandani, maghalani, madukani, kwenye nyumba za watu. Kwetu kima ni kile cha amri iliyoanza Januari 2023, na kwa viwanda na biashara ni 150,000 kwa mwezi.

Tupige hesabu. Ondoa NSSF asilimia 10, inabaki 135,000. Chumba kimoja Magomeni ya hapa Mtwara, choo cha kuchangia, 30,000. Inabaki 105,000. Unga, mboga, mafuta, mkaa na maji, tuseme 3,000 kwa siku kwa mama na watoto wawili, na hapo samaki ni wa kuotea. Hiyo ni 90,000. Kilichobaki ni 15,000 cha sabuni, nauli, daftari na dawa. Mtoto akishikwa malaria tarehe 12, mwezi umeisha.

Msimamo wangu: mtu akikupa siku yake nzima, siku sita kwa wiki, una wajibu wa kumlipa pesa inayomtosha kula, kulala chini ya paa, kujitibu na kusomesha. Hilo ni deni, usiliite hisani. Na mwajiri asijifiche nyuma ya kima cha chini. Sheria imemkataza kwenda chini ya pale, haikumwambia akomee pale.

Karibuni, na tujibizane kwa hoja.

#2 BodabodaWaBima
Nimekaa siti ya mbele. Huu uzi utafika mbali.

#3 MkoroshoMkavu
Dada, umesema vizuri lakini umeandika kama mtu ambaye hajawahi kulipa watu Jumamosi.

Nina kikundi kidogo cha kubangua, akina mama kumi na kidogo. Msimu huu uliopita minada ya mwanzo korosho ghafi ilivuka 4,000 kwa kilo. Wakulima walishangilia na mimi nilishangilia nao, ni ndugu zangu. Sasa njoo upande wangu. Ili nipate kilo moja ya korosho safi iliyobanguliwa nahitaji kilo nne na zaidi za ghafi. Kabla sijawasha jiko, kilo yangu moja imeshakula zaidi ya 16,000. Weka kuni, umeme, mifuko, usafiri, vibali. Halafu nakwenda sokoni kushindana na korosho ya India na Vietnam, waliochukua ghafi hiyohiyo hapa hapa bandarini kwetu, wana mashine, wana mikopo nafuu, na hata mafuta ya ganda wanayauza.

Nikimlipa kila mmoja 300,000 nafunga kabla ya Krismasi, na wale akina mama wanarudi kuuza mihogo barabarani. Wajibu huo uwekeni kwa anayeuweza, yaani serikali. Ipunguze tozo, ilete umeme wa uhakika, isomeshe watoto bure mpaka mwisho. Hapo 150,000 itatosha.

#4 Ming'oko
Mkuu #3, na wewe mwenyewe unajilipa ngapi? Tusianze na India, tuanze na wewe.

#5 MkoroshoMkavu
Msimu wa juzi sikujilipa kitu, niliishi kwa duka la mke wangu. Wewe Ming'oko kwa jina hilo lazima ni wa Lindi, nyie kazi yenu kuuliza.

#6 Ming'oko
Lindi oyee. Tunauliza kwa sababu hatujibiwi.

#7 NdevuZaKamba
Mleta uzi, kuna jambo umeliacha. Kima hakiko kimoja kwa wote, kila sekta ina chake. Kwa amri hiyo ya 2023 kilimo ni 140,000, viwanda na biashara 150,000, na wa kazi za ndani anayelala kwa mwajiri ni 60,000. Kabla ya hapo tulikuwa na amri ya 2013, viwanda 115,000, na ikakaa hivyo miaka tisa. Miaka tisa nauli zinapanda, kodi zinapanda, mshahara umelala! Kwangu hapo ndipo penye tatizo. Bodi ya mishahara ingekutana mara kwa mara, hili suala la wajibu wa mwajiri lisingefika huku.

#8 WakiliMtarajiwa
Niongeze upande wa sheria, kwa ufupi.

Katiba yetu ibara ya 23 inasema kila anayefanya kazi anastahili malipo ya haki, na ujira ulingane na kazi. Angalieni: unalingana na *kazi*. Haikutaja familia, kodi ya chumba wala idadi ya watoto. Tofauti na Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 23 vilevile, ambalo linataka ujira wa kumwezesha mtu *na familia yake* kuishi kwa heshima ya binadamu.

Halafu Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaitaka bodi ya mishahara iangalie gharama za maisha, kiwango cha chini cha kujikimu na kupunguza umaskini, lakini hapohapo iangalie uwezo wa waajiri kuendesha shughuli zao. Yaani BintiMikindani na MkoroshoMkavu wote wawili wamo ndani ya kifungu kimoja. Kwa hiyo mahakamani huwezi kumshitaki mwajiri kwa kuwa mshahara haukutoshi. Unamshitaki kwa kuwa yuko chini ya kima.

#9 BintiMikindani
Asante Wakili. Ila sikuuliza nikishitaki nitashinda au nitashindwa. Nimeuliza kama ana wajibu. Kuna mengi mtu anawajibika nayo na hakuna hakimu wa kumfunga kwayo.

#10 MzeeWaKikwetu
Wajukuu, shikamooni mmesahau lakini nimewasamehe.

Hesabu hii ya mshahara usiotosha ina baba yake, na baba yake ni mkonge. Lindi tulikuwa na mashamba: Kikwetu, Kitunda, na mengine mkielekea Mingoyo. Marehemu baba yangu alikatia mkonge. Kulikuwa na kadi inaitwa kipande, ina siku thelathini za kazi. Ukimaliza mafungu yako ya leo unapigwa alama, usipomaliza siku hiyo haihesabiwi. Mwezi wa mshahara si mwezi wa kalenda, ni mpaka kadi ijae. Wengine walitoka ng'ambo ya Ruvuma, wakaishi kambini, wakapewa posho ya unga na maharage.

Mzungu alimlipa manamba, yaani kibarua wa shambani, kama kapera. Hata akiwa na wake wawili, mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, kwa hesabu kwamba mke na watoto wako kijijini wanalima muhogo wao, watajilisha. Kwa hiyo shamba la bibi yako kijijini ndilo lililokuwa linamchangia mwenye kampuni. Bibi analima, bwana mkubwa anapunguza mshahara.

Sasa niambieni. Leo kibarua wa Mtwara mjini akilipwa pesa isiyotosha, anaishije? Analetewa unga wa muhogo kutoka Newala na mama yake. Kile kile. Mwenye kiwanda anasema "mbona wanaishi?" Wanaishi kwa jembe la mama yao.

#11 Ming'oko
Shikamoo mzee. Hapo umenigusa, mimi mwenyewe kila mwezi napokea kiroba kutoka Rondo.

#12 MkoroshoMkavu
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima, malizia na sehemu ya pili. Baada ya Uhuru serikali ilipandisha kima cha chini, mwanzoni mwa miaka ya 60. Mashamba ya mkonge yakafanya nini? Yakapunguza watu. Waliobaki walipata zaidi, walioondolewa hawakupata kitu. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi.

#13 NdevuZaKamba
#12 umechanganya mambo mawili. Miaka hiyohiyo ya 60 kamba za nailoni ziliingia na bei ya mkonge duniani ikaporomoka. Mkonge ungekufa hata kama manamba wangelipwa mawe. Huwezi kumbebesha mkata mkonge dhambi ya nailoni.

#14 MkoroshoMkavu
Kupunguza watu kulianza kabla bei haijaanguka vizuri. Lakini sawa, vyote viwili vimo.

#15 MzeeWaKikwetu
Marahaba. Baba alisema waliopunguzwa ni wengi, na waliobaki waliongezewa mafungu ya kukata. Sababu hakuwa akiijua, yeye aliona mafungu tu.

#16 MamaChikongola
Wanangu, mimi ndiye mnayemjadili. Naandikiwa na binti yangu, maneno ni yangu.

Kubangua si kazi ya kukaa kivulini kama watu wanavyodhani. Korosho ikitoka kwenye mvuke inaletwa mezani, unaiweka kwenye kisu cha mashine, mguu unakanyaga, mkono unavuta, ganda linapasuka. Ganda lina mafuta meusi. Yakikugusa yanaunguza, ngozi inabanduka kama ya nyoka, vidole vinakuwa vyeusi hadi harusini unaficha mikono ndani ya kanga. Tunapaka mafuta ya nyonyo na majivu. Glovu zipo, lakini ukivaa mkono unakuwa mzito, kilo hazifiki.

Na hapo ndipo penye siri: hatulipwi kwa mwezi, tunalipwa kwa kilo. Jioni unapeleka kwenye mzani. Nzima nyeupe inahesabiwa kwa bei yake, iliyokatika bei ya chini, na yenye doa inarudishwa. Siku korosho ni kubwa na kavu vizuri, unatoka na pesa ya kuridhisha. Wakileta mzigo mdogo mdogo uliolala ghalani, unabangua kutwa nzima ileile, mgongo uleule, unapata nusu. Nani kachagua mzigo? Si mimi.

Mwajiri wangu (simtaji) tukimwambia haitoshi anasema ongeza bidii. Nina miaka mingi kwenye meza ile. Bidii nimeshaimaliza yote.

Mimi sitaki anisomeshee wanangu. Nataka siku nikifika saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, nijue kuna kiasi ambacho siku ile haiwezi kushuka chini yake.

#17 BodabodaWaBima
Pole sana mama. Nimesoma mara mbili.

#18 BintiMikindani
Shikamoo mama. Wakuu, mmemsikia. Mlipokuwa mnapiga hesabu za India, yeye analipia uchakavu wa mzigo ambao hakuununua. Korosho mbaya ni hasara ya mwenye kiwanda, lakini mzani unaihamishia mkononi kwa mama.

#19 WakiliMtarajiwa
Mama, swali moja: kwenye zile siku mbaya, unachopata kinafika 5,770? Ndiyo 150,000 ukigawa kwa siku 26.

#20 MamaChikongola
Marahaba. Mzigo mzuri kinapita. Mzigo mbaya hakifiki.

#21 KuliGhalani
Habari za humu. Mimi nashusha na kupanga magunia, korosho kilo 80 kichwani hadi juu ya staki. Nitapingana kidogo na mleta uzi.

Tangu Oktoba mpaka Januari, mimi kwa mwezi namzidi mwalimu. Msinibishie, njooni ghalani wakati wa mnada mwone. Tunalipwa kwa gunia na tukiwa kikosi kizuri pesa inaingia kila jioni. Shida inaanza Februari. Ghala tupu, meli hamna, tunakaa kijiweni tunacheza bao hadi salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, zianze kuingia, na salfa nayo inapita haraka. Kwa hiyo ukiniuliza kama mwajiri ananilipa vizuri, nitakuuliza: mwezi gani?

Ukimlazimisha mwenye ghala alipe mshahara wa kuishi msimu ukiwepo, sawa, nitapokea. Lakini Machi nitakula nini? Tatizo la Kusini ni zao moja. Tungekuwa na viwanda vinavyofanya kazi mwaka mzima, hata kwa pesa ndogo ya kila mwezi, ningepanga maisha.

#22 NdevuZaKamba
Viwanda vilijengwa bwana. Vile vikubwa vya korosho vya enzi za Nyerere vilikuja kugeuzwa maghala. Pengine wewe unapanga gunia ndani ya chumba kilichokusudiwa kubangulia.

#23 KuliGhalani
Ndani yake kabisa. Misingi ya mashine bado iko sakafuni, tunaikwepa na magunia.

#24 MwalimuNanyamba
Jamani mnaongelea wenye viwanda tu. Waajiri wakubwa kwa idadi ni sisi wa kawaida. Mimi nina dada wa kazi. Mke wangu muuguzi, zamu za usiku, tuna mapacha. Bila yule binti mmoja wetu anaacha kazi. Tunamlipa zaidi kidogo ya kima, anakula kwetu, analala kwetu, tumemkatia bima. Je, hizo ni pesa za kuishi? Hapana. Hawezi kupanga chumba wala kulea mtoto kwa hiyo pesa. Nikimlipa inayotosha kuishi peke yake mjini, itabidi nimpe theluthi ya mshahara wangu.

Kwa kanuni ya BintiMikindani, mimi ninaishi kwa mgongo wake. Nimelifikiria sana hili na sioni pa kutokea, isipokuwa serikali ijenge vituo vya kulelea watoto ili pasiwe na haja ya binti wa miaka ishirini kutoka Kitangari kuja kulea wanangu.

#25 Ming'oko
Mwalimu, Julai unaongezewa na Rais. Na dada yeye mwezi gani?

#26 MwalimuNanyamba
Umenishika pabaya. Nyongeza ya asilimia 35 ni ya kima cha chini, ngazi zetu hatujui zitapandaje. Lakini chochote kitakachokuja, naye atapata fungu lake. Naandika hapa mbele yenu.

#27 SheheWaUfukoni
Assalaam alaykum. Mnazunguka mbali. Mtume (S.A.W.) ametufundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na ndugu zetu Wakristo wana Waraka wa Yakobo, unaosema ujira uliozuiwa wa wavunaji unalia. Deni la mfanyakazi ni zito kuliko deni la duka. Mwenye imani haulizi sheria inasemaje.

#28 NdevuZaKamba
Waalaykum salaam. Sheikh, hilo linahusu *lini* alipwe na kutodhulumiwa makubaliano. Kiasi wamekubaliana wenyewe. Mwenye kiwanda atakwambia: mimi nalipa kila jioni, jasho bichi kabisa.

#29 SheheWaUfukoni
Makubaliano ya mwenye njaa na mwenye ghala yana hitilafu tangu mwanzo. Wanazuoni wameonya pia kumbebesha mtumishi asichokiweza. Mtu anayekubali chochote kwa kuwa mtoto ana njaa, ridhaa yake ichunguzweni vizuri.

#30 MsomiWaMsijute
Nimefuatilia kimya. Kuhusu hofu ya #3 na #12 kwamba ukipandisha mshahara ajira zinakufa: mwaka 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jirani yake Pennsylvania hakupandisha. Wachumi David Card na Alan Krueger wakalinganisha migahawa ya pande mbili za mpaka, wakachapisha 1994: ajira New Jersey hazikupungua kama ilivyotabiriwa. Utafiti huo ulibishaniwa sana na bado unabishaniwa, lakini Card alipata Nobel 2021, na kazi za namna hiyo zilitajwa. Kwa hiyo "ukipandisha watu watafukuzwa" si sheria ya maumbile.

#31 MkoroshoMkavu
Msomi, yule wa New Jersey anauza chakula kwa mtu aliyesimama mbele yake. Akiongeza bei kidogo mteja analipa. Mimi bei yangu inapangwa na watu ambao hawajui hata Mtwara iko upande gani. Nikiongeza, mnunuzi anachukua ya Vietnam. Nipe utafiti wa kiwanda cha korosho.

#32 MsomiWaMsijute
Hoja yako ina uzito, na ndiyo maana wengine wanasema wajibu uanzie kwa anayenunua mwisho, lile duka kubwa Ulaya linalouza pakiti kwa bei ya kilo zako kadhaa. Mlolongo mzima unamlipa kila mtu isipokuwa aliyeunguza vidole.

#33 BodabodaWaBima
Na mimi je? Pikipiki si yangu. Kila jioni napeleka hesabu kwa tajiri, iwe nimepata au sijapata. Mafuta yangu, pancha yangu, faini za barabarani zangu. Ananiita "kijana wangu" ila hajawahi kunilipa hata senti, mimi ndiye ninayemlipa yeye. Kwenye huo mshahara wa kuishi mimi nadai kwa nani?

#34 Ming'oko
Hapo pagumu. Tajiri wako ni mwajiri anayepokea mshahara.

#35 NjuguMawe
Tukiwa tunasubiri jibu la bodaboda, hivi pale Soko Kuu pweza bado bei iko juu? Nakuja wikiendi kutoka Masasi.

#36 BodabodaWaBima
Iko juu. Nenda Mikindani alfajiri. Nikupeleke, hesabu ya leo haijatimia.

#37 DadaMhasibu
Narudi kwenye uzi. MzeeWaKikwetu kasema mshahara ulipangwa kwa kapera. Wenzetu Australia mwaka 1907 walipita njia nyingine. Kulikuwa na kesi ya kiwanda cha mashine za kuvunia, Jaji Higgins akaamua kwamba mshahara wa haki uangalie mahitaji ya binadamu anayeishi katika jamii iliyostaarabika, akapiga hesabu ya mume, mke na watoto watatu, akapata shilingi 7 kwa siku. Hakutaka kusikia kwanza faida ya mwajiri ni kiasi gani.

Zuri sana mpaka uulize kuhusu wanawake. Miaka iliyofuata wanawake walipangiwa karibu nusu ya mwanamume, kwa kuwa ilidhaniwa kila mwanamke ana mume wa kumlisha.

Naleta hili kwa sababu nimefanya kazi ya hesabu kwenye viwanda huku kwetu. Nimesikia kwa masikio yangu wakubwa wakisema "hawa akina mama wanatafuta pesa ya chumvi tu, waume zao wapo". Wapo wapi? Kwenye meza za kubangulia wamejaa wajane, walioachwa, na wenye waume waliovuka kwenda Msumbiji hawajarudi. Ile pesa ya chumvi ndiyo kodi, ndiyo ada, ndiyo sanda. Kazi ikishaitwa ya wanawake, bei yake inashuka kabla hata ya kupimwa. Wanaume wanaobeba magunia kiwanda hichohicho wanalipwa vizuri zaidi, na sijaona aliyewaambia ni pesa ya chumvi.

#38 MamaChikongola
Mwanangu, Mungu akuweke.

#39 KuliGhalani
Sibishi. Ila gunia la kilo 80 nalo likae kwenye hesabu.

#40 MkulimaTandahimba
Nyote mmesahau mwajiri mmoja, mkulima. Mimi naajiri watu wa kufyeka, kupalilia na kupuliza salfa. Kazi hizo ni kabla ya mavuno, na pesa yangu inakuja baada ya mnada, ikipita AMCOS, chama chetu cha ushirika, na makato yake. Kwa hiyo kila mwaka nakopa ili nilipe, au kibarua ananikopesha nguvu zake mpaka Novemba.

Mnakumbuka 2018? Wanunuzi walikuja na bei za chini, tukagoma, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa 3,300. Bei nzuri. Lakini uhakiki na malipo vilichukua muda, na nyumbani kwangu wapaliliaji walikuja kila Ijumaa kukaa barazani. Hawakunitukana, wanakaa tu. Wengine kabla ya hapo walikuwa wameshauza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, hata kile kidogo chao ili wale. Nilikuwa na wajibu? Nilikuwa nao. Nilikuwa na pesa? Sikuwa nayo. Sasa mimi wa kulaumiwa ni nani, na mwenye ghala aliyeshika stakabadhi yangu ni nani?

#41 BintiMikindani
Mkulima, asante. Kwako naona tofauti na mwenye kiwanda: wewe na kibarua wako mlikuwa mnasubiri mlango mmoja. Ninayemsema mimi ni yule ambaye pesa imeshaingia, gari limebadilishwa, na mzani bado ni uleule.

#42 MkoroshoMkavu
Gari langu ni la tangu 2009, lisemwe pia.

Ila Mama Chikongola amenifikirisha kuhusu mzigo mbaya. Kwenye kikundi changu tutajaribu hivi: siku ina kiwango chake cha chini, mzigo uwe mzuri au mbaya, na kilo zikizidi hapo ni nyongeza. Hasara ya korosho ndogo tutaibeba kama kikundi. Sijafika kwenye mshahara wa kuishi wa mleta uzi na siahidi kufika.

#43 Ming'oko, 19 Oktoba 2025
Nafufua uzi! Waziri ametangaza, kima cha chini sekta binafsi kimetoka 275,060 kwenda 358,322 kuanzia Januari 2026. BintiMikindani umeshinda, nunua soda.

#44 NdevuZaKamba
Taratibu kaka. Hizo namba ni wastani wa sekta zote. Hiyo 275,060 uliwahi kuiona mfukoni? Kiwandani tulikuwa 150,000. Mabenki na migodi ndiyo inayovuta wastani juu. Chukueni amri yenyewe msome mstari wa sekta yenu, msije mkakopa kwa namba ya wastani.

#45 BintiMikindani
Ndevu yuko sahihi. Na hata kima kikipanda, swali langu la Mei liko palepale. Kikitosha, vizuri. Kisipotosha, mwenye uwezo wa kuongeza bado anadaiwa.

#46 MkoroshoMkavu
Na asiye na uwezo?

#47 BintiMikindani
Afungue vitabu vyake mbele ya wafanyakazi waone kweli hana. Wengi wataelewa. Kinachoumiza ni kuambiwa hakuna na mtu ambaye huruhusiwi kumhoji.

#48 MkoroshoMkavu
Vitabu hata mke wangu sijamfungulia. Nitalifikiria.

#49 MamaChikongola
Sisi wa kwa kilo hiyo amri inatuhusu?

#50 WakiliMtarajiwa
Mama, amri huwa inataja viwango kwa saa, kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi. Andikeni kila siku mlichopata na saa mlizofanya, kila mmoja na daftari lake, halafu muende kwa ofisa kazi nalo. Likishindikana, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila angalieni muda: madai ya aina hii ni ndani ya siku 60, ya kuachishwa kazi siku 30. Ukichelewa unaanza kwa kuomba radhi.

#51 KuliGhalani
Wakili usiondoke. Sisi ghalani tumeambiwa kuanzia msimu huu hatuko tena chini ya mwenye ghala, tuko chini ya wakala wa vibarua. Kazi ileile, gunia lilelile, ila wakala anachukua chake kwanza. Sasa mwenye wajibu hapo ni yupi, mwenye ghala, wakala, au mwenye korosho?

#52 MsomiWaMsijute
Mwenye korosho.

#53 NdevuZaKamba
Wakala. Ndiye anayesaini.

#54 SheheWaUfukoni
Wote watatu.

#55 WakiliMtarajiwa
Msisaini chochote kwanza. Ulizeni NSSF na mfuko wa fidia atachangia nani, na majibu yawe kwa maandishi. Nipigie picha huo mkataba, ficha majina, uuweke hapa.

#56 KuliGhalani
Mkataba hatujapewa, tumesomewa kwa mdomo. Kesho asubuhi naomba nakala.